Jinsi ya kuongea na mtu mpaka mkaelewana kweli: anza kwa kukagua maneno yako mwenyewe

Ndugu zangu, mi nauza kwenye duka langu la pembejeo hapa Dodoma mjini, sio mbali na soko la Majengo, na mwaka jana alikuja mzee mmoja wa Hombolo amefura, kashika chupa ndogo ya soda, akaiweka juu ya kaunta akasema mwanangu, dawa yenu feki. Nikamwambia shikamoo babu, karibu ukae kwanza. Akaitikia marahaba ila hakukaa. Zabibu zake ubwiriunga ulikuwa umetanda kuanzia majani mpaka vichala, ule weupe kama mtu kamwagia unga wa ngano, na wiki mbili nyuma ni mimi niliyemuuzia ile dawa na nikamuelekeza kwa mdomo wangu, bomba la kupulizia la lita 20 weka kifuniko kimoja, akaitikia "sawa sawa" na mi nikajua tumeelewana.

Kumbe alikuwa kagawana na mdogo wake, nusu akaimimina kwenye chupa ya soda, na kifuniko alichopimia ni cha soda. Kile cha chupa yenyewe kinabeba mili 20, cha soda hata ukijaza mpaka juu unapata kama mili 5 hivi. Kwahiyo mzee alipulizia robo ya kipimo shamba zima, kama nilivomwambia, neno kwa neno. Dawa haikuwa feki na yeye hakukosea. Mi nilitamka "kifuniko" huku nakiona kile cheupe kipana kipo mbele yangu, yeye akalisikia neno hilohilo, ila alipofika nyumbani kifuniko kilichokuwepo ni kingine.

Tangu siku ile hii habari ya lugha na akili nimeifuatilia sana, nimesoma, nimejaribu dukani, nimejaribu nyumbani, na naandika hapa namna ninavofanya maana naona inamhusu mwalimu, muuguzi, fundi, mzazi, yeyote ambaye kazi yake inapitia mdomoni.

Anza na neno lako la kila siku

Chukua neno moja ambalo unalitamka mara nyingi kuliko yote kazini kwako. Mimi langu ni DAWA. Kaa chini uandike vitu vyote vinavyoitwa kwa neno hilo. Dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya nywele, dawa ya mbu, dawa ya mchwa, dawa ya zabibu. Ukimaliza jiulize, kati ya hivi vyote ni kipi huyu mtu wangu anakishika kila siku, maana hicho ndo kitakachomjia kichwani kwanza ukitamka, hata kama wewe unamaanisha kingine kabisa. Mtu aliyemezeshwa dawa tangu utotoni, akapona, akaambiwa asante dawa, ukimwambia "kapige dawa" unamtuma kwenda kuponya. Ndo maana unamkuta kijana anapulizia kifua wazi, hana glavu wala barakoa, upepo wetu huu wa Dodoma unamrudishia usoni, akimaliza anafuta jasho kwa mkono uleule afu anakaa chini ya mbuyu kula karanga. Watu wanasema ni ubishi. Mi nimeacha kusema hivyo, maana huyo kijana hajaambiwa na mtu kwamba ile ni sumu, sisi wote tumemwambia ni dawa.

Na kuna neno "kali". Ukimwambia mteja hii ni kali sana unadhani umemtahadharisha, kumbe umemsifia mzigo. Kwetu kitu kikali ni kitu kizuri, wimbo mkali, goli kali, dawa kali. Nimekuwa na wateja wanaingia wanaomba ile yenye utepe mwekundu kwa sababu ndo kali, wakati ule utepe mwekundu kwenye lebo ni wa kundi la hatari kubwa zaidi, njano inafuata, afu bluu, kijani ndo hatari ndogo. Nyekundu iliwekwa pale kukusimamisha, ila ikipita kwenye neno "kali" inageuka kukuita.

Mimi saivi nikiuza nasema sumu. Hii ni sumu ya ukungu, hii ni sumu ya wadudu. Mwanzoni mama mmoja alishtuka, akasema baba mi sitaki sumu, nataka dawa ya viwavi kwenye mahindi. Nikamwambia mama ni hiyohiyo, kazi yake kuua, ndo maana nakutajia jina lake. Akanyamaza kidogo, akaigeuza ile chupa akaitazama, afu akaniuliza, na glavu mnauza? Hilo swali miaka yote nikisema dawa nimelisikia mara chache sana.

Sio kwamba Kiswahili ni kibovu, msije mkanielewa vibaya. Kila lugha ina sehemu imegawa vizuri na sehemu imefungasha vitu kwenye gunia moja. Mwingereza kwa kawaida ana neno moja tu, rice, la mpunga, mchele na wali, sisi tunayo matatu na hata mtoto wa chekechea ukimtuma mchele hawezi kukuletea wali. Hapo lugha imeshafikiri kwa niaba yake kabla hata hajafikiria mwenyewe. Kwenye dawa tumefungasha, basi pale inabidi mtu afungue gunia kwa mkono wake.

Kuna jamaa mmoja wa Marekani, Benjamin Lee Whorf, ambaye jina lake linatajwa sana kwenye haya mambo, na nilipojua kazi yake ya mchana ilikuwa nini nikasema huyu ni mtu wa kwetu kabisa. Alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima ya moto kule Hartford, yaani anaenda kuchunguza moto ulianzaje. Akaona kitu: sehemu yenye mapipa yaliyojaa petroli watu wako makini, hawavuti sigara, ila sehemu ya mapipa "matupu" wanavuta na kutupa vipisi ovyo. Wakati pipa la petroli lililoisha ndo hatari zaidi, maana limejaa mvuke, na ule mvuke unalipuka. Neno "tupu" linasema hakuna kitu, na mwili unafuata neno. Nilivolisoma hilo nikakumbuka makopo matupu ya dawa ninayoyaona vijijini yamegeuzwa ya kuchotea maji au kuwekea mafuta ya taa, kwa sababu ni tupu. Kwahiyo nikiuza siku hizi sisemi "likiisha litupe", nasema kopo likiisha bado lina sumu, lisuuze mara 3, maji ya kusuuzia yamimine humohumo kwenye bomba ukapulizie, afu litoboe lisitumike tena na mtu. Neno "tupu" silitumii kabisa.

Whorf alifariki 1941 na baada yake watu waliivuta hoja ikawa kama lugha ni jela, kwamba kama lugha yako haina neno basi huwezi kuwaza hicho kitu. Hiyo sio kweli. Yeye mwenyewe aliandika kwamba lugha ya Wahopi, kabila la wenyeji wa Arizona kule Marekani, haina wakati kama tunaoujua, na mwaka 1983 mtafiti Ekkehart Malotki akaonyesha kwa mifano mingi sana kwamba Wahopi wana njia tele za kusema wakati. Mi naiona lugha kama njia ya ng'ombe kwenda lamboni. Ng'ombe anaweza kupita popote, pori lote lake, ila miguu imeshazoea ule mstari uliokanyagwa na usipomswaga ataufuata huohuo. Kazi yako wewe unayeongea ni kujua njia ya mwenzako imekanyagwa wapi.

Angalia vitenzi, hasa vinavyoishia na -ika

Hapa ndo pananigusa sana. Sikiliza nyumbani kwako leo jioni. Kikombe kimevunjika. Chaji imepotea. Hela imeisha. Maziwa yamemwagika. Kila kitu kinajitendea chenyewe, hakuna mtu hata mmoja ndani ya sentensi. Sio uongo, kikombe kweli kimevunjika, ila mtu kaondolewa kwenye picha, na akiondolewa kwenye picha anaondoka hata kwenye kumbukumbu.

Hili limepimwa. Watafiti wawili, Caitlin Fausey na Lera Boroditsky, walitoa utafiti mwaka 2011, waliwaonyesha watu wanaoongea Kiingereza na wanaoongea Kihispania video fupi, mtu anapasua puto, anavunja yai, mara nyingine kwa makusudi mara nyingine kwa bahati mbaya. Kiingereza hata ikiwa bahati mbaya huwa kinasema fulani kavunja, Kihispania kinapenda kusema kimevunjika, kama sisi. Kwenye yale ya makusudi wote walimkumbuka mtendaji sawasawa, ila kwenye yale ya bahati mbaya wale wa Kihispania walimkumbuka kidogo kuliko wenzao. Walikiona kitu kilekile kwa macho yaleyale.

Kwenye duka langu mzani ulikuwa "unaharibika" kila baada ya muda, kwenye daftari tunaandika mzani umeharibika, fundi kaitwa, basi. Nikaweka utaratibu mmoja tu, kwenye daftari hatuandiki -ika, kila sentensi iwe na mtu na alichokuwa anafanya. Mwezi wa kwanza vijana walilalamika wakaona nawatafuta. Nikaanza na mimi mwenyewe, nikaandika "nimehamisha mzani ukiwa na kiroba cha mbegu juu yake, sindano imegoma kurudi". Kuja kuangalia mara tatu zilizofuata, zote ni mtu kahamisha mzani ukiwa na mzigo. Ule mzani haujaharibika tena, maana tuliupigia misumari pale pale ulipo, na hilo suluhisho lilikuwepo siku zote ila "umeharibika" lilikuwa linalifunika.

Ila msiichukie -ika jamani. Mgeni kaja nyumbani, dada wa watu kaangusha glasi, ukimwambia "umevunja glasi" umemuumiza bure. Mwambie imekuponyoka tu, usijali. Na utamu wa Kiswahili ni kwamba katikati kuna njia ya tatu ambayo lugha nyingi zingetamani kuwa nayo, "glasi imemvunjikia". Mtu yupo kwenye sentensi, tunamjua, ila lawama haipo. Mtoto wangu akivunja kitu kwa bahati mbaya nataka aniambie kimenivunjikia, sio kimevunjika. Anajitaja bila kujihukumu. Kwahiyo kabla hujasema jiulize, hapa nataka kujua chanzo, nataka kumsitiri mtu, au nataka vyote viwili, afu chagua kitenzi.

Ukiuliza, uliza kwa kitenzi chepesi

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer kule Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari afu wakawauliza magari yalikuwa yanakimbia kiasi gani yalipo... na hapo ndo walibadilisha neno. Wengine waliulizwa yalipogusana, wengine yalipobamizana. Wa "kugusana" wakakadiria kama kilomita 51 kwa saa, wa "kubamizana" kama kilomita 65. Na kwenye jaribio la pili, wiki moja baadae waliulizwa kama waliona vioo vilivyopasuka. Vioo havikuwepo kabisa. Ila kati ya 50 walioulizwa kwa "kubamizana" 16 walisema wameviona, wakati wa swali lenye neno la kawaida walikuwa 7.

Fikiria hapo vikao vyetu vya familia. Unamuuliza mtoto "kwanini ulimtukana shangazi yako?" Umeshamuwekea tusi mdomoni, na mashahidi nao umewapa cha kukumbuka, kesho kila mtu anakumbuka tusi ambalo labda halikuwepo. Uliza "ilikuwaje?" afu nyamaza. Ukitaka zaidi, uliza "baada ya hapo?" Hayo maneno mawili yanatosha kumaliza kikao kizima, ni kazi ngumu sana kuyashikilia lakini.

Namba nazo zina mlango. Watafiti wa saikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman mwaka 1981 waliwapa watu hadithi ya ugonjwa unaotishia watu 600, mpango mmoja ukielezwa kwamba wataokoka 200 asilimia 72 waliukubali, ukielezwa kwamba watakufa 400 ni asilimia 22 tu, wakati ni mpango uleule. Mi mteja nikimwambia katika mashina 10, 8 yatapona, namalizia hapohapo na mawili yatakufa. Nasema pande zote mbili, aamue mwenyewe.

Usiulize "umeelewa?"

Hili swali lifute kabisa. Kwetu huku mtu mzima ukimuuliza umeelewa atasema ndiyo, kusema hapana ni kama kukwambia hujui kuelekeza, au kujiaibisha mbele ya watu, na mzee wangu wa Hombolo "sawa sawa" yake ilikuwa heshima tu, haikuwa jibu.

Na wewe unayeelekeza unadanganyika kirahisi kuliko unavodhani. Elizabeth Newton mwaka 1990, chuo cha Stanford, aliwaambia watu wagonge mezani kwa vidole mapigo ya nyimbo zinazojulikana na wengine wabahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zitatambulika. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa zilitambulika 3. Jaribu nyumbani leo, gonga wimbo wa Taifa mezani afu muulize mtu, utashangaa, maana wewe unausikia mpaka na sauti za kwaya kichwani na mwenzako anasikia ko, ko, ko.

Badala yake mwambie akurudishie kwa mikono. Mi nasema "babu nisaidie, nionyeshe utakavopima ukifika shambani, nisije nikawa nimekuelekeza vibaya". Mzigo wa kosa naubeba mimi, yeye hana cha kuona aibu. Nina bomba la maonyesho pale dukani na chupa ya maji, anapima mbele yangu. Dakika mbili.

Kivushe kwenda lugha nyingine

Ukitaka kujua kama umekielewa kitu au umekariri tu, kihamishe lugha. Mdogo wangu yupo kidato cha pili, alikuwa anasoma osimosisi, ile habari ya maji kupenya kwenye ngozi nyembamba, na maana yake kwa Kiingereza anaitiririsha kama maji bila kukosea. Nikamwambia nielezee kwa Kiswahili, akakwama palepale. Sikumlaumu, mi nilipita hukohuko, darasa la saba unatoka na Kiswahili, kidato cha kwanza unaanza kila somo upya kwa lugha ambayo hujawahi hata kugombana nayo. Nikachukua zabibu kavu, za hukuhuku kwetu, nikaweka punje kumi kwenye bakuli la maji, nikamwambia rudi baadae. Aliporudi zimevimba. Nikamuuliza maji yameingiaje na ngozi haina tundu? Akakaa nazo, akaibinya moja, akasema kwahiyo ndani sukari nyingi maji kidogo, nje maji mengi, maji yanapita kwenye ngozi kwenda kulikopungua. Nikamwambia sasa rudi kwenye kile Kiingereza chako ukisome tena. Alikisoma taratibu, neno moja moja, kama mtu anayesoma barua iliyomfikia leo.

Huku kwetu tuna bahati ambayo hatuioni. Kutoka Dodoma mjini kwenda Kondoa unapita kwa Wagogo, Warangi, Waburunge, Wasandawe wenye lugha ya vidoko, zile sauti za kugonga ulimi mdomoni. Kigogo na Kirangi zote ni za Kibantu, ila Kiburunge na Kisandawe ni za ukoo mwingine kabisa. Mtu wa huku akiwa na Kigogo cha bibi, Kiswahili cha sokoni na Kiingereza cha shule ana njia tatu za kulifikia lambo moja. Atumie zote. Kitu kikikataa kwa lugha moja akizungushe kwa nyingine.

Yule mzee nilimpimia upya, safari hii nikamshikisha kile kifuniko cheupe chenyewe, akajaza maji, akamimina kwenye bomba, akarudia mara mbili. Tukaelewana kwamba iliyobaki irudi kwenye chupa yake yenye lebo, ambayo ilikuwa kwa mdogo wake, na ile ya soda isuuzwe na itobolewe kabla mtoto hajaikuta. Akatoa simu palepale akampigia mjukuu wake kijijini aende kwa babu yake mdogo akaichukue ile chupa. Aliongea Kigogo chote, haraka haraka, mi Kigogo changu ni cha salamu ya mbukwenyi na kununua kuku tu, sikushika mengi. Ila katikati nikasikia "kifuniko cheupe", na mbele kidogo nikasikia "sumu", kwa Kiswahili, akaitamka mara mbili.